Wakutubi na walimu wa maktaba: siku zana za mtandao zilipotuumbua mbele ya wanafunzi. Tupeane uzoefu

Mama Kadi

Wakuu habari za jioni. Leo nimekuta ile manila nyuma ya kabati, nikacheka peke yangu kama chizi, nikasema ngoja niilete hapa.

Mimi ni mkutubi wa sekondari, mwaka wa 19 huu. Nimesoma Bagamoyo, enzi zile unafundishwa kuandaa kadi za katalogi, unatoboa tundu kwa chini, unapitisha fito ya chuma kwenye droo ili mwanafunzi asichomoe kadi akaondoka nayo. Ukiniamsha saa nane usiku ukaniuliza fasihi ya Kiswahili inakaa namba ngapi kwenye mpangilio wa vitabu wa Dewey, nakujibu 896.392 bila kufungua macho.

Mwaka juzi tukapelekwa semina ya siku mbili, zana za mtandao kwa maktaba za shule. Mwezeshaji kijana mdogo, anabofya huku anaongea huku anatafuna karanga, mimi hata pa kuwashia sijapaona. Lakini Kahoot niliipenda. Mnaoijua mnajua: swali linatokea kwenye skrini kubwa mbele, mtoto kwenye kifaa chake anaona maumbo ya rangi tu, pembetatu nyekundu, duara la njano, anabonyeza. Anayewahi na kupatia anazoa pointi. Nikasema hii ndiyo dawa ya watoto wangu wanaokuja maktaba kulala.

Ikafika wiki ya usomaji, mgeni rasmi Afisa Elimu Kata. Nimetunga maswali yangu 15. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nikabaki chumba cha kompyuta, nikaufungua mchezo kuujaribu, ikatokea namba ya kuingilia, ile PIN. Nikasema mimi si mtu wa kubahatisha. Nikachukua manila na maka nyekundu, nikaiandika kubwa, nikaibandika ukutani kwa solatepu. Nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtoto aliyenyonya.

Mnaojua mshaanza kucheka.

Asubuhi wanafunzi 40 na ushee, kompyuta 11, wanne wanne. "Haya wanangu, ingizeni namba ile pale." Wakaingiza, ikakataa. Nikawaambia mnakosea, rudieni taratibu. Ikakataa. Nikaanza kuwasomea tarakimu moja moja kwa sauti kama mtu anayeita wagonjwa dirishani. Ikakataa. Mgeni rasmi anatazama saa. Nikamgombeza binti mmoja kwamba anaandika 7 pale penye 1, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, maana mtoto wa watu alikuwa sahihi. Dakika kumi na tano hivyo. Jasho limefika kwenye kandambili.

Ndipo kijana wa kidato cha pili, mkaa nyuma, ambaye nilikuwa nimemfungia kuazima kwa kupoteza kitabu cha Jiografia, akanyoosha mkono. "Madam, hiyo namba ni ya jana. Kila ukiufungua mchezo inakuja nyingine. Si hiyo hapo juu kwenye skrini?"

Ilikuwa hapo juu kwenye skrini. Kubwa kuliko ya kwangu ya manila.

Haya na nyie semeni, nisiwe peke yangu.

kibatari_cha_kaya

Namba ya jana 😂😂 Madam umetisha. Na manila juu!

Msimu wa Kusi

Salamu kutoka Kilifi. Dada, hilo la kumgombeza mtoto aliye sahihi limenichoma, nami ninalo langu ila silisemi.

Langu la kusema ni majina. Kahoot humwacha mtoto ajiandike jina atakalo, nami sikulijua hilo. Mwisho wa mchezo jukwaa la washindi watatu likatokea na muziki wake, mshindi wa kwanza "Fisi wa Ofisini". Watoto wakageuka wote wakamtazama mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa pembeni. Yeye mwenyewe akajitambua. Hadi leo salamu zetu ni za shingo upande.

Kuna mahali pa kuiamuru mashine iwape majina yenyewe. Itafuteni kabla hamjaanza, si baada.

Dr_Ukweli

Samahani lakini mimi nasema. Maktaba nyingi za shule hazina hata vitabu, kitabu kimoja watoto wanane, nyie mnajifunza michezo. Mkutubi kazi yake kugonga muhuri wa tarehe na kufukuza popo. Mengine ni kutafuta posho za semina.

Mama Kadi

Dr, hiyo semina posho yake ilikuwa soda na andazi. Na popo nawafukuza pia, usijali.

Bi Rejista

@Dr_Ukweli wewe ukiwa shule ulirudisha vitabu vyote? Jibu hilo kwanza.

Dr_Ukweli

Nilirudisha.

Bi Rejista

Hakuna binadamu aliyerudisha vyote.

Sasa langu. Mimi niliamua rejista ya kuazima niitoe kwenye daftari niipeleke kwenye jedwali la mtandaoni la Google, ili viongozi wa wanafunzi wanisaidie kuingiza. Nikaambiwa nigawe linki. Nikaigawa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna linki ya kutazama na kuna linki ya kuhariri, ni vitu viwili tofauti kama kumkaribisha mtu sebuleni na kumpa ufunguo wa kabati la nguo.

Mwisho wa muhula nafungua nitoe orodha ya wadaiwa kabla ya kusaini fomu za kumaliza shule. Haina mdaiwa hata mmoja. Kidato cha nne kizima kimesafika kama kimetoka kubatizwa. Atlasi 14 nilizohangaika nazo mwaka mzima, zote "imerudishwa". Nilikaa chini nikashika kichwa, maana daftari la zamani nilishalifunga, nikajisifu kwa mkuu kwamba tumehamia kidijitali.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, kwa simu. Akaniambia, "Shangazi, fungua faili, tafuta historia ya matoleo." Nikaifungua: kila badiliko limekaa pale na saa yake, na kwa walioingia na akaunti zao, jina. Kaka mkuu. Tena alifuta saa sita na dakika kumi usiku, na simu shuleni hawaruhusiwi. Makosa mawili kwa mpigo. Nikarudisha toleo la wiki tatu nyuma, madeni yakafufuka yote.

Daftari nimelirudisha lakini. Naenda navyo viwili.

mtoto_wa_Mwanga

Kaka mkuu alikuwa na maono 😂

Kobe Msomi

Mimi sina la kuchekesha. Vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipoletwa kwa walimu, mimi mkutubi nikaambiwa si mwalimu. Halafu Jumatatu inayofuata walimu saba foleni kwangu: tuelekeze namna ya kuweka vitabu humu.

Bi Rejista

Wapo hao.

Sir Njugu

Mama Kadi, yako ni sherehe. Kaeni chini.

Mimi nafundisha Historia, maktaba nilibambikwa kwa sababu nilionekana nasoma gazeti. Mwaka jana kwenye kikao cha wazazi, mkuu akataka tuwaulize watoto wao wanasoma nini nyumbani, na tulifanye kisasa. Nikatengeneza ukuta wa Padlet. Kwa jinsi nilivyouacha ule ukuta, mwenye linki yeyote anaandika, hahitaji akaunti wala jina, na alichoandika kinatokea papo hapo kama kikaratasi kilichobandikwa, wote wanakiona. Linki nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha kwanza.

Nilichosahau: kwenye lile kundi yumo mama mmoja ambaye ni mzazi, sawa, lakini ndiye pia aliyenikopesha. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Nilichukua laki tatu mwezi wa kwanza kwa ajili ya ada ya mdogo wangu, rejesho kila Ijumaa, na Ijumaa tatu nilikuwa nimeziruka. Namba yake ikiita nageuza simu kifudifudi.

Projekta imewaka, ukuta unajaa. "Mwanangu anapenda hadithi za wanyama." "Sisi jioni hatuna taa." "Tunaomba vitabu vya Hisabati." Wazazi wanafurahi kuona maneno yao yanatokea mbele, babu mmoja aliandikiwa na mjukuu, akaomba aonyeshwe ya kwake mara mbili. Mkuu wa shule kasimama anayasoma moja moja kwa sauti ya kuhutubia. Miwani kaiacha ofisini, kwa hiyo anasoma kwanza, maana inakuja baadaye.

Kikaratasi cha njano kikatua katikati. Akasoma: "Mwalimu... Ijumaa ya tatu hii... rejesho langu sijaliona... simu hupokei... leo sitoki hapa... bila hela yangu." Akanyamaza. Akanigeukia. "Mwalimu, haya nayo ni maoni kuhusu usomaji?"

Nikarukia kompyuta nikifute. Kwa kiherehere nikabofya sipo, kikaratasi badala ya kufutika kikafunguka, kikajaa skrini nzima. Na mioyo ya kupenda nilikuwa nimeiruhusu mimi mwenyewe, nilidhani itachangamsha. Mtu mmoja akaweka moyo. Ukaja wa pili. Nilipofanikiwa kuzima projekta ilikuwa imefika tisa.

kibatari_cha_kaya

MIOYO TISA

Msimu wa Kusi

"Anasoma kwanza, maana inakuja baadaye." Mbavu zangu wallahi.

mtoto_wa_Mwanga

Sir Njugu ulilipa? Riba ilikuwa ngapi?

Dr_Ukweli

Laki tatu hao wanarudishiwa nne na nusu. Mwalimu mzima anaingiaje kausha damu? Kuna SACCOS.

Kobe Msomi

Dr, SACCOS inakujibu baada ya wiki tatu, ada inatakiwa Jumatatu. Umewahi kuishi hapa nchini?

Dr_Ukweli

Nidhamu ya fedha tu. Mimi sijawahi kukopa.

Bi Rejista

Na vitabu ulirudisha vyote. Tumekusikia.

Mama Kadi

Jamani mada yangu! Nimekuja na manila, mnaondoka na mikopo.

Fundi Mitambo wa Shule

Madam, nirudishe mada. Nilikuwa fundi wa maabara za kompyuta za shule kadhaa, haya ninayajua.

Kwa Padlet, kuna sehemu ya kuweka kwamba kila andiko lisubiri idhini yako kabla ya kuonekana. Sir Njugu, dakika moja ile ingekuokoa.

Kwa shule ambazo watoto hawana simu wala kompyuta za kutosha, achaneni na Kahoot, tumieni Plickers. Kila mtoto anashika karatasi yenye mchoro kama mraba uliotafunwa na panya, kila upande una herufi, anaigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu. Wewe unapitisha kamera ya simu yako moja darasa zima, inasoma nani kajibu nini. Simu moja, bando moja. Karatasi unachapa mara moja tu, ila usiziwekee plastiki ya kung'aa, mwanga unarudi, kamera inashindwa kusoma.

Na pasipo na mtandao kabisa: wekeni programu ya Kolibri kwenye kompyuta moja, ruta ndogo hata isiyo na intaneti, kompyuta nyingine zinaungana nayo kwa kivinjari cha kawaida, na masomo yenye mazoezi yamo. Ukitaka Wikipedia bila mtandao chukua programu ya Kiwix. Ya Kiswahili inaingia kwenye flashi bila shida. Ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, hiyo tafuta diski kubwa.

Kobe Msomi

Usimsikilize kuhusu plastiki. Zangu sikuziwekea, wiki moja tu zimeloa jasho, mmoja kafungia kashata. Weka plastiki, funga pazia.

Fundi Mitambo wa Shule

Pazia kwenye maktaba ya shule ya kata? Haya.

Msimu wa Kusi

Ya Kolibri naunga mkono. Vishikwambi vya shule za msingi huku kwetu Kenya vilianza kuja 2016, nilikozunguka mimi vingi vilibaki kabatini kwa kuogopwa visivunjwe. Tulivitoa tulipopata kitu kisichotaka bando. Tena mnaofundisha wadogo, tazameni tovuti ya African Storybook ya Afrika Kusini, hadithi za Kiswahili zimo, na mwalimu aweza kuitunga yake akaiweka. Watoto wangu walitunga ya ng'ombe aliyekwenda feri Likoni.

mzee_wa_chaki

Ushauri wangu wa bure: chaki. Haina PIN. Haina mioyo.

kibatari_cha_kaya

Na umeme ukikatika haijui.

Mama Kadi

Fundi asante, Plickers nimeiandika.

Watu wananiuliza yule kijana wa nyuma. Nilimfungulia kuazima siku ileile. Sasa ndiye anayeniwashia kila kitu kipindi cha maktaba, mimi nasimama nyuma yake na daftari nikiandika hatua: bofya hapa, subiri, bofya pale. Nimefika ukurasa wa 31. Kitabu cha Jiografia hajakileta.

Bi Rejista

Hataleta.

mtoto_wa_Mwanga

Sir Njugu hujajibu. Deni liliisha?

Sir Njugu

Mkuu, mtu haulizwi mambo kama hayo siku ya Ijumaa.