Huelgoat, Bretagne: siku moja bila gari inatosha?

Swali: Wakuu, nipo Morlaix, Ufaransa, sina gari. Mawe makubwa ya msitu wa Huelgoat, siku moja inatosha kuyaona?

Jibu: Inatosha, mkuu. Panda basi la kwenda Carhaix linalopita Huelgoat, ila ratiba ya Jumapili iangalie mapema. Anzia kwenye kinu pale ziwani. Mawe ya granaiti yanaanza hapo hapo. Roche Tremblante, yaani jiwe linalotikisika, lina tani zipatazo 137: egemeza mgongo kwenye ukingo wake, sukuma kidogo kidogo kwa mdundo. Ukikosea mahali pa kusukuma, halitikisiki hata mje kumi.

Jibu: Grotte du Diable, yaani Pango la Shetani, unashuka kwa ngazi ya chuma. Mvua ikinyesha panateleza vibaya, kwa hiyo viatu vya soli laini acha. Muda ukibaki, fuata mto Rivière d'Argent hadi kidimbwi cha Mare aux Sangliers. Kilele cha Roc'h Ruz, mita 385, hiyo ni siku nyingine.