MJADALA: Mbinu za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zilizofaulu Iringa tuzisambaze shule zote kwa mkupuo, au kata kwa kata?

Kamwene, ugonile wadau. Naleta hili maana hapa Tukuyu, mkoani Mbeya, tumebishana ofisini wiki nzima. Wenzangu wanasema mbinu ikishafanya vizuri kwenye mikoa ya mradi isambazwe kote, shule zote, mara moja. Mimi nasema tukienda hivyo tunaiua.

Nimefundisha darasa la pili Mufindi kipindi cha Tusome Pamoja, ule mradi wa hela ya Marekani ulioanza 2016, Iringa, Ruvuma, Morogoro na Mtwara zikawemo, Mbeya haikuwemo. Watoto 87, wengi nyumbani ni Kihehe tupu, Kiswahili wanakikuta shuleni. Unawapanga kwa kile mtoto anachoweza, wa herufi kona hii, wa silabi pale, wanaosoma sentensi nilikuwa nawatoa nje wakae ukutani kwenye jua maana Mufindi mwezi wa saba baridi ile penseli haishikiki. Kuna binti alikuwa "anasoma" ukurasa mzima bila kukosea, ukifunika picha hajui hata neno moja, yani alikuwa amekariri tu. Nikamrudisha kwenye ma me mi mo mu, akalia, nikakaa naye. Kama wiki ya sita hivi tunapita stoo ya shule akasimama mbele ya gunia akasoma ma-hi-ndi, hakuna aliyemuuliza.

Sasa watu wakisikia hivyo wanasema basi leteni vitini na semina. Jamani, haikuwa vitini! Mratibu elimu kata wetu (siku hizi anaitwa afisa elimu kata) alikuwa anakuja na pikipiki, anakaa dawati la nyuma kipindi kizima, anaita watoto watano wamsomee, halafu tunakaa wawili chini ya mti ananiuliza, mwalimu mbona leo wa silabi hujawagusa? Na anarudi. Ukijua mtu anarudi Alhamisi unajiandaa, hata ukiwa umechoka.

Nikahamia huku. Mbinu zilezile zikaja kwa semina ya siku mbili, mwalimu mmoja kila shule, akirudi awafundishe wenzake. Karudi, katueleza nusu saa, kitini kikaingia kabatini. Na mimi niliyekuwa naijua hiyo kazi, darasa la watoto 112, hakuna anayekuja kuuliza, muhula mmoja tu nikawa nimerudi kule kwa wote tusome ubaoni kwa pamoja. Inaniuma mpaka leo.

Na siyo hisia zangu tu. KiuFunza, lile jaribio la shirika la Twaweza, ilifanyika 2013 na 2014 kwenye shule 350 za wilaya 10 hapa nchini. Shule zilizopewa ruzuku peke yake, watoto hawakupanda kwenye KKK. Zilizopewa ruzuku pamoja na bonasi ya mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu, ndo zikapanda kweli. Kenya nao walijaribu walimu wa mkataba, zile shule zilizosimamiwa na shirika la World Vision watoto wakapanda, zilizosimamiwa na serikali hawakusogea, na walimu walikuwa wa mkataba uleule! Kwa hiyo kinachotakiwa kusambazwa ni usimamizi, mbinu inafuata nyuma yake.

Mwenzangu mmoja kanibana vizuri sana, kasema kwa hiyo watoto wa Busokelo hapa jirani wasubiri mpaka lini, huoni ni kuwabagua? Swali zito hilo, sijalikwepa. Mtoto wa darasa la pili mwaka huu hana mwaka mwingine wa kusubiri. Lakini kumpelekea kitini kisicho na mtu nyuma yake ni kumfanya asubiri vilevile, ila kwenye ripoti anaonekana keshafikiwa.

Ninachotaka mimi kiko wazi. Muda tunao, MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, imeshaweka walimu wakutane shuleni kwao, huo uende kwenye kusikiliza watoto wakisoma. Mafuta ya pikipiki ya afisa elimu kata yawe na fungu lake kwenye bajeti ya halmashauri, lisiguswe kwa mwenge wala ugeni. Tuanze na la kwanza na la pili tu, kata chache, zikikaa sawa wale walimu waende kata jirani wakae darasani na wenzao siyo ukumbini. Na iwe hela yetu wenyewe, maana 2025 tumeona USAID, lile shirika la misaada la Marekani, ilivyofungwa na miradi yake ikakatika njiani.

Walimu wa Njombe, Songwe, Makete, Kilolo nijibuni kwa namba tafadhali: mwaka huu afisa elimu kata wako kaingia darasani kwako mara ngapi, na alikaa dakika ngapi?