Kituo kikigharimia vibonzo vyote, hakimiliki inabaki kwa nani?

Mchoraji wa Kiambu:
Wanajukwaa, salaam. Kituo kimoja cha televisheni kimeahidi kugharimia msimu mzima wa vibonzo vya watoto utakaotengenezwa na studio yetu ndogo ya Nairobi. Wahusika tuliwabuni wenyewe kabla ya kukutana na kituo hicho, na michoro ya awali tunayo pamoja na tarehe zake. Rasimu ya mkataba inataja bei, muda wa kukabidhi kazi na idadi ya masahihisho, lakini haisemi lolote kuhusu hakimiliki. Mwenzangu anashauri tusiliguse jambo hilo, akiamini kwamba mkataba usiposema kitu, haki hubaki kwa mbunifu. Je, ni kweli?

Wakili Mstaafu:
Ndugu, kwa Kenya mambo ni kinyume. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo ukimya ambao mwenzako anauona kuwa ngao unamfaidi mwenye fedha. Hata hivyo, wahusika mliowabuni kabla ya kuagizwa hawamo katika kazi hiyo, na kuwahamisha kunahitaji maandishi yenye saini yenu. Hapo ndipo mtakapokwama nyote: kituo hakitaweza kutengeneza msimu wa pili bila ninyi, nanyi hamtaweza kuuza msimu wa kwanza kwingineko bila kituo. Ombeni kifungu kinachosema wazi kwamba kituo kinapewa leseni ya kurusha vipindi kwa miaka na nchi zilizotajwa, na kwamba haki nyingine zote ni zenu. Michoro isajilini KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Usajili si sharti la kuwa na haki, ila hurahisisha ushahidi.

Msomaji wa Leeds:
Huku Uingereza suala hili lilivutaniwa kwa miaka mingi. Channel 4 ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1982 ilitegemea watayarishaji wa nje, lakini kwa kawaida aliyelipa gharama zote aliondoka na haki karibu zote. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 ikavitaka vituo vya utangazaji wa umma viwe na kanuni za kuagiza vipindi, zinazoidhinishwa na Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa huku, na tangu hapo kituo hununua leseni huku mtayarishaji akibaki na haki za kuuza nje ya nchi. Majukwaa makubwa ya filamu mtandaoni hayabanwi na kanuni hizo. Mengi hulipa gharama yote na faida kidogo juu yake, kisha huchukua haki za dunia nzima.

Mhasibu wa Studio:
Msiogope mno kuuza haki zote, mradi bei iwe ya kuuza na si ya kukodisha. Fedha ninazoziogopa zaidi ni zile ndogo za mwanzo, za kuandika muswada na kutengeneza kipindi cha majaribio, kwa sababu mtu huzipokea akiwa hana nguvu ya kujadiliana, na mara nyingi zimeambatanishwa na sharti la kumiliki mradi mzima. Hata ruzuku isomeni vizuri, maana wapo wafadhili wanaotaka kazi itolewe bure kwa umma, na sharti hilo linaweza kumfukuza mnunuzi wa baadaye. Kituo kikikataa leseni, dai mawili: haki zirudi kwenu kisipoagiza msimu mwingine ndani ya muda uliowekwa, na mgawo wa mapato ya vitabu, nguo na vitu vya kuchezea vya wahusika hao, ambavyo kwa vibonzo vya watoto huweza kuingiza fedha muda mrefu baada ya vipindi kwisha.

Mchoraji wa Kiambu:
Nashukuru sana. Rasimu tunairudisha kesho ikiwa na kifungu cha leseni.