Faili ghafi halitoshi kuthibitisha picha ya mnyamapori?

PichaPori: Wakuu, naombeni ufafanuzi. Picha ikifika hatua za mwisho, mashindano yanadai faili ghafi (RAW, yaani picha kama kamera ilivyoirekodi, kabla ya kuhaririwa) pamoja na fremu za kabla na baada, yaani picha zilizopigwa mara kabla na mara baada yake. Kama faili ghafi linaonyesha hakuna kilichoongezwa wala kufutwa, hizo nyingine za nini?

Lenzi600: Mkuu, faili ghafi linathibitisha kilichokuwa mbele ya lenzi, basi. Halikwambii kama mnyama ni wa porini, kafugwa, au ni ngozi iliyokaushwa na kujazwa. Angalia mashindano ya picha za wanyamapori ya Wildlife Photographer of the Year. Mbwa mwitu anayeruka lango, mshindi wa 2009, aliondolewa Januari 2010: majaji waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mnyama aliyefunzwa. Mwaka 2018 ikaondolewa pia picha ya usiku kutoka Brazili, mnyama mla mchwa kando ya kichuguu kinachong'aa. Wataalamu walimlinganisha na mnyama aliyekaushwa wa kwenye lango la hifadhi: mkao, alama za shingoni, hata vishungi vya manyoya vilifanana. Mpigapicha alikana, akaleta faili za kabla na baada; mnyama hayumo hata kwenye moja. Ndiyo maana mfululizo unadaiwa. Mnyama hai hugeuza sikio, huhamisha mguu.

Makro_Usiku: Kwa vyura ni hivyo hivyo, na huko udanganyifu ni mwingi mno. Chura wa miti wa usiku, mchana kweupe, kashika jani kama mwavuli? Tia shaka. Kuza picha chini ya mikono na mapajani: uzi wa kumfungia chura, ukifutwa kwenye picha, huacha ukungu usiolingana na chembe za mandhari ya nyuma. Wapigapicha wengine huwapoza vyura kwenye friji ili watulie. Huo ni ukatili.

PichaPori: Na kamera ya mtego, ile inayojifyatua mnyama akipita? Mnyama hupita mara moja tu.

Lenzi600: Weka fremu tatu kwa kila mfyatuo. Shusha nguvu ya flashi hadi 1/16, la sivyo haitawahi kujichaji na fremu ya pili itatoka nyeusi. Hata hiyo nyeusi usiifute! Usibadilishe namba za faili, na usigeuze faili ghafi kuwa DNG (aina nyingine ya faili ghafi) ukatupa la awali.

Makro_Usiku: Chambo hai hakikubaliki kabisa. Kama umetumia chakula au maji kuvuta ndege, soma kanuni kwanza. Pakiruhusiwa, kiandike kwenye maelezo ya picha.