Nimekataliwa uuguzi, na soko zima lilishaanza kuniita sista

Binti wa Mutindwa aliandika:

Hamjambo wadau. Naomba wenye uzoefu wa vyuo vya uuguzi wanisaidie, hasa manesi wenyewe.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C ya wastani. Baiolojia C+, Kiswahili B, Kiingereza C, Kemia C-. Hesabu tusiitaje. Niliomba diploma katika chuo kimoja cha hospitali ya misheni, nikaitwa mtihani wa kuandika, nikapita, nikaitwa mahojiano. Ukumbi ulijaa hadi tukasimama ukutani, wengine wamesafiri usiku kutoka Kisii na Kitui. Juzi ujumbe ukaingia nikiwa ndani ya matatu: asante kwa kuomba, nafasi zimejaa. Basi. Hakuna sababu, hakuna "jaribu tena".

Mama anauza viatu vya mitumba soko la Mutindwa, hapa Nairobi. Nilipoitwa mahojiano aliwaambia wateja, akawaambia wenzake wa chama, akamwambia na pasta. Akanunua saa yenye mshale wa sekunde pale mtaa wa Luthuli, mjini, maana alisikia nesi huhesabia mapigo ya moyo. Sasa nikipita sokoni ni "Sista, unaripoti lini?" Nimeanza kuzunguka kwa nyuma, kwenye mtaro, ili nisionane na mtu. Mama mwenyewe hajasema kitu. Anapika, ananipakulia, ananyamaza. Afadhali angenigombeza.

Kuna jamaa ana ofisi mtaa wa River Road, mjini, anasema kwa elfu sitini jina langu "litafufuka" kwenye orodha. Shangazi naye anataka nichukue Rekodi za Afya katika chuo kingine chenye nafasi, mradi niwe hospitalini. Na siwezi kwenda mbali sana na Nairobi, mama ana presha na mimi ndiye mkubwa.

Nifanye nini? Na sokoni niwaambie nini?

Zamu ya Usiku alijibu:

Pole mdogo wangu. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, nimetoka kazini asubuhi hii, kwa hivyo nisamehe nikiandika kwa ukali.

Huyo wa River Road mfungie namba leo. Tuseme ni kweli ana mtu ndani na akuketishe darasani. Ukiwa mwanafunzi, chuo hupeleka jina lako Baraza la Wauguzi, NCK, ili usajiliwe kama mwanafunzi. Sisi tunaita kupata indeksi. Baraza linaangalia matokeo yako ya KCSE na chuo chenyewe kama kimeidhinishwa. Usipopata indeksi, hufanyi mtihani wa Baraza mwishoni, na bila mtihani huo hakuna leseni. Utasoma miaka mitatu uwe na yunifomu tu. Na wengi wa hao mabroka hata darasani hawakufikishi, pesa ikiingia simu inazimwa.

Pili, alama. Diploma ya uuguzi inataka C ya wastani, C ya Baiolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hesabu. Wewe umetosha kote, hata hiyo Hesabu isiyotajwa haikuzuii maana Kemia imekuokoa. Lakini C hiyo ni kama kufika steji. Umefika, sawa, ila gari linajaa walio mbele yako. Kwenye ukumbi ule kulikuwa na watu wa B- na C+ ambao wangeweza kuomba digrii, wakaja diploma kwa sababu ni miaka mitatu na karo ni nafuu kwao. Hukushindwa kujibu maswali. Mlikuwa wengi, na aliye na alama za juu akachukuliwa kwanza.

Kwa hivyo usiniambie "nimekataliwa uuguzi". Umekataliwa na chuo kimoja. Tangu 2023 maombi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, yanapitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na KMTC ina kampasi karibu nchi nzima. Kila mtu anataka Nairobi. Nairobi iwe chaguo moja, halafu ujaze na zile ambazo wenzako hawazikimbilii. Najua umesema mama. Nitakuuliza tu kama mama amekataa uende, au ni wewe umemkatalia.

Na kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu kwa chuo chochote cha kibinafsi, angalia jina lake kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa katika tovuti ya NCK. Ukipenda kuuliza ana kwa ana, ofisi yao iko Kabarnet Road, ukitokea Ngong Road. Ukiona bango la "nesi msaidizi, miezi sita", jua hiyo ni kozi ya kuhudumia wazee na wagonjwa nyumbani. Ni kazi halali na ina mshahara wake, ila haikupi leseni ya nesi.

Faili Namba Tatu alijibu:

Mimi niko Rekodi, kwa hivyo nitetee ukoo wangu kidogo. Watu wanadhani sisi ni wa kubeba mafaili. Asubuhi ndiyo, nabeba. Mchana naupa kila ugonjwa namba yake ya msimbo, mwisho wa mwezi napandisha ripoti kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, na wizara ikitaka kujua malaria imepanda wapi, inasoma namba zilizotoka mezani kwangu. Naipenda.

Lakini dada, shangazi yako hajakwambia jambo moja. Rekodi si ngazi ya kupandia uuguzi. Ukimaliza halafu bado unataka kuwa nesi, unaanza mwaka wa kwanza kama mtu mwingine yeyote. Tulikuwa na msichana darasani ambaye kila tukipita wodini alikuwa anasimama mlangoni kuangalia manesi wakifunga vidonda. Hakumaliza. Ukija kwetu, karibu sana, lakini uje ukitaka kuja.

Mama Begi alijibu:

Binti yangu, mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Kayole, wale tuliopewa begi la vifaa na serikali 2023. Hayo ya vyuo waachie hao.

Mama yako hajakasirika. Anaogopa kukugusa palipo na kidonda, naye pia amefiwa na kitu. Kaa naye jioni, mwambie, "Mama, hawakunichukua, na niliumia." Useme hivyo tu, usimletee mipango siku hiyo. Mwache alie akitaka.

Sokoni, acha kupita kwenye mtaro, huko utavunjika mguu bure. Pita katikati mchana kweupe. Akikuuliza unaripoti lini, mjibu: "Mwaka huu sikupata, naomba tena." Ukishawaambia wawili, wengine wataambiana wenyewe, Mutindwa naijua. Kuna atakayecheka. Mwache, viatu vya mama yako atavinunua tu.

Halafu unasema mama ana presha. Nani anampima? Begi langu lina mashine ya kupima presha, na mwenzangu wa upande wenu anayo. Mtafute kwa mzee wa mtaa, muombe akuonyeshe inavyofungwa mkononi. Awe anamwandikia mama namba kwenye daftari, wewe ukiwa karibu. Wewe ukienda chuo Busia, daftari linabaki na mwenye begi anabaki. Hapo hiyo "siwezi kwenda mbali" tutaizungumza upya.

Binti wa Mutindwa aliandika:

Asanteni sana. Zamu ya Usiku, swali lako lilinikera kisha likanilaza macho. Nimemuuliza mama jana usiku. Akasema, "Nani alikwambia mimi ni mtoto?" Kisha akaniuliza Busia nauli ni ngapi, na hata sikuwa nimeitaja Busia, nadhani amesoma simu yangu.

Wa River Road nimemfungia. Ametumia namba nyingine, sasa ni elfu arobaini. Rekodi nimemwambia shangazi hapana, amenuna.

Nimeona Msalaba Mwekundu na St John wanafundisha huduma ya kwanza hapa Nairobi. Je, cheti hicho kitanisaidia dirisha la KUCCPS likifunguliwa?

Zamu ya Usiku alijibu:

KUCCPS hapana, kule ni alama zako tu. Lakini vyuo vya misheni vyenye mahojiano bado vipo, na kule watakuuliza umekuwa ukifanya nini tangu umalize shule. Kama ada yake inakuwezekea, kifanye. Na huyo wa elfu arobaini usimpe kitu, kesho atakuja na ishirini.