Darasa la tatu Tennessee: asipofikia kiwango cha kusoma, anarudishwa kweli?

mzazi_antioch

Habari zenu ndugu. Nauliza kwa niaba ya wazazi kadhaa wa hapa Nashville wenye watoto darasa la tatu. Shule zinawapa karatasi inayosema mtoto asiyefikia kiwango kwenye TCAP (mtihani wa jimbo) ya Kiingereza anaweza, kwa sheria ya jimbo, kubaki darasa la tatu mwaka mwingine. Wengi wanaelewa hivyo: mtihani mmoja, umeanguka, unarudia. Ni kweli inakwenda hivyo? Mtoto aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akaingia shule mwaka jana tu anapimwa sawa na aliyezaliwa hapa? Na kila anayeitetea sheria hii anataja jimbo la Mississippi. Huko walifanya nini hasa? Wazazi wengi Kiingereza chao ni kidogo, kwa hiyo naomba pia ushauri wa kazi ya nyumbani wanayoiweza.

---

chaki_nyeupe

Mkuu, karatasi hiyo inatisha kuliko sheria yenyewe, ila sheria ina mitego na mitego hiyo inawakamata zaidi wazazi wasiosoma barua za shule.

Ilipitishwa Januari 2021 katika kikao maalumu cha bunge la jimbo, na darasa la tatu la kwanza kuguswa lilikuwa la 2022-23. Inaangalia sehemu ya Kiingereza peke yake, hisabati haimo. Matokeo yana ngazi 4, na aliye katika mbili za juu anapanda bila mjadala.

Ngazi ya pili kutoka chini ni ya mtoto "anayekaribia". Huyu ana milango kadhaa. Anaweza kurudia mtihani mwishoni mwa Mei na kufikia kiwango. Anaweza kwenda masomo ya kiangazi, ahudhurie angalau asilimia 90 ya siku na aonyeshe maendeleo kwenye mtihani wa mwisho. Au anapanda kwa sharti la kupewa tuisheni na shule mwaka mzima wa darasa la nne. Mlango mmoja ukitimia, basi. Aliye ngazi ya chini kabisa asipofaulu marudio ya Mei hana uchaguzi huo: anahitaji masomo ya kiangazi kwa mahudhurio hayohayo na tuisheni ya mwaka mzima, vyote viwili.

Mahudhurio ndipo watu wanapoteleza. Masomo ya kiangazi yakiwa siku 20, asilimia 90 ni siku 18. Safari ya wiki moja ya kwenda harusini Texas inamaliza hesabu. Pili ni marudio ya mtihani: matokeo hutoka Mei, siku za kurudia ni chache, na taarifa hupita kwenye barua pepe au programu ya shule ambayo mzazi hajawahi kuifungua. Hakikisheni sasa hivi kwamba ofisi ya shule ina namba ya simu inayofanya kazi.

Rufaa ipo, lakini kwa "anayekaribia" tu: awe amefika asilimia ya 40 kwenye kipimo cha kusoma ambacho shule hufanya mara 3 kwa mwaka, au familia iwe imepatwa na janga zito lililomwathiri mtoto kabla ya mtihani. Asilimia ya 40 hapa maana yake amewapita watoto 40 kati ya 100 wa darasa lake nchini. Haina uhusiano na kupata maswali 40 kati ya 100. Wazazi wengi wanachanganya hayo mawili.

Mwaka wa kwanza, 2023, karibu watoto 6 kati ya 10 hawakufikia kiwango. Waliorudishwa kwa sababu ya sheria hii walikuwa karibu asilimia 1. Wengine walipita kwenye milango hiyo au kwa misamaha.

---

mkalimani_bukavu

Nyongeza kuhusu mtoto wa Nyarugusu, maana hapa ndipo pana kosa kubwa.

Sheria inamsamehe mwanafunzi anayejifunza Kiingereza ambaye hajamaliza miaka 2 kamili ya kufundishwa somo hilo. Chukua mtoto aliyeingia shule Oktoba 2024, darasa la pili. Aprili 2026 anafanya TCAP ya darasa la tatu akiwa na mwaka mmoja na nusu. Amesamehewa. Sasa chukua mtoto wa familia ileile aliyezaliwa Nashville, nyumbani Kiswahili kitupu, akaanza chekechea hapa. Mpaka darasa la tatu ana zaidi ya miaka 3. Hata kama bado yuko kwenye ESL (masomo ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine), msamaha huo haumhusu. Wazazi hawaamini wakiambiwa, wanadhani kuwa ESL kunatosha.

Msamaha hauji kwa sura ya mtoto wala kwa lafudhi yake, unatoka kwenye faili. Faili linaanza na dodoso la lugha ya nyumbani siku ya kuandikishwa: lugha ya kwanza ya mtoto ni ipi, anayozungumza zaidi ni ipi, nyumbani mnazungumza ipi. Kuna wazazi wanaandika Kiingereza kila mahali, wakiogopa mtoto atawekwa nyuma. Matokeo yake hapimwi, haingii ESL, na saa ya miaka 2 haina mahali pa kuandikwa. Kama mlijaza hivyo, andikeni barua fupi kwa ofisi: dodoso lilikosewa, tunaomba lirekebishwe na mtoto apimwe Kiingereza. Wekeni tarehe, mbaki na nakala.

Halafu kuna barua ambayo wengi wanaitupa. Sheria ya taifa ya elimu ya 2015 inaitaka shule imjulishe mzazi, ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, kwamba mtoto wake yuko kwenye programu ya lugha, yuko kiwango gani na atatokaje. Barua hiyo itunzeni. Msipoiona, ulizeni. Faili lenyewe mnayo haki ya kuliona kwa sheria ya 1974, na shule ina siku zisizozidi 45 kuwaonyesha.

Kwa sisi wa Kongo: familia ikizungumza Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge nyumbani, iandike hivyo. Ikiandika Kiswahili tu, mkalimani anayeletwa huenda akawa wa Kiswahili cha pwani, na mama atakubali kwa kichwa mambo ambayo hakuyashika. Semeni mnataka mkalimani wa lugha gani na wa upande gani.

---

takwimu_kwanza

Nijibu la Mississippi, maana linasimuliwa vibaya na pande zote mbili.

Mwaka 2013 jimbo hilo lilikuwa la 49 katika mtihani wa taifa, NAEP, kusoma darasa la nne. Mwaka huohuo likapitisha sheria yake. Mwaka 2019 wastani wake ulilingana na wa nchi nzima, na 2024 lilikuwa la 9. Kwa jimbo maskini kiasi kile ni jambo kubwa, na wanaolibeza wanawakosea walimu wa kule.

Lakini angalia sheria iliagiza nini. Watoto kupimwa kusoma tangu chekechea, na mzazi kuarifiwa mapema. Walimu kufundishwa upya jinsi ya kufundisha sauti za herufi. Jimbo kuajiri wakufunzi wake wa kusoma na kuwapeleka kwenye shule zilizo chini kabisa, wakae na mwalimu darasani. Fedha za jimbo zikiwa karibu dola milioni 15 kwa mwaka. Mtoto anapata nafasi 3 za kupita mtihani wa darasa la tatu. Akibaki, anapaswa kupewa angalau dakika 90 za kusoma kila siku kwa njia tofauti na ile iliyomshinda. Majimbo mengi yaliyoiga yalichukua tishio la kurudisha watoto, wakufunzi yakawaacha.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wa 2023 uliwalinganisha watoto wa Mississippi waliokosa alama kidogo tu na waliopita kidogo tu. Waliorudia walikuwa na alama bora za kusoma walipofika darasa la sita, hasa watoto Weusi na wa asili ya Kihispania. Ila kumbuka hao wamepimwa wakiwa na mwaka mmoja zaidi wa umri na wa masomo. Na darasa la nane la Mississippi bado liko chini ya wastani wa taifa. Kwa maoni yangu kilichofanya kazi ni ufundishaji. Kurudisha watoto kulikuwa fimbo ya kuwafanya watu wazima waharakishe, na fimbo hiyo inamlipisha mtoto.

Ndiyo maana majimbo hayakubaliani. Michigan iliweka sharti la kurudia mwaka 2016, ikalifuta 2023. Ohio mwaka huohuo ikaruhusu mzazi akatae mtoto asirudishwe. Indiana ikalirejesha kwa sheria ya 2024.

---

chaki_nyeupe

Ndugu takwimu, nakubali kuhusu wakufunzi, sikubali kwamba tarehe ya mwisho haina thamani. Kabla ya sheria hizi mtoto asiyesoma alipandishwa kimyakimya mpaka darasa la sita, na mzazi alipata kadi yenye alama nzuri kila muhula. Sasa shule inalazimika kumwambia. Udhaifu wa Tennessee ni kwamba inashtuka darasa la tatu, wakati kipimo cha darasa la kwanza kilishaonyesha tatizo.

Kwa hiyo wazazi, msisubiri Mei. Mwezi wa tisa ombeni namba 2: asilimia ya mtoto kwenye kipimo cha kusoma, na maneno anayosoma kwa usahihi kwa dakika. Mtoto wa kati darasa la tatu husoma takriban maneno 83 mwanzo wa mwaka, 97 katikati na 112 mwishoni. Akiwa na 50 Septemba, hapo ndipo pa kudai tuisheni. Na muulize ikoje: watoto 3 au 4 kwa mwalimu, dakika 30, mara 3 kwa wiki, mwalimu yuleyule. Kompyuta na vipokea sauti masikioni isihesabiwe tuisheni.

---

silabi_kwa_silabi

Kazi ya nyumbani. Jambo la kwanza ni kujua mtoto anakwama wapi, kwa sababu kusoma ni vitu viwili: kuyatamka maandishi, na kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, kusoma ni sifuri.

Mpe maneno yasiyo na maana: vab, lish, tropek. Hayawezi kukaririwa wala kubuniwa kwa picha. Akiyasoma vizuri lakini hadithi haelewi, tatizo ni msamiati. Akishindwa, tatizo ni sauti za herufi, na hapo kumsomesha vitabu vingi hakutasaidia bado. Dalili nyingine: picha ni ya farasi, pameandikwa *horse*, yeye anasoma *pony*. Huyo anabuni. Ufundishaji wa kubuni kwa picha na herufi ya kwanza ulitawala miaka mingi Marekani, na majimbo kama Ohio na Indiana yaliupiga marufuku mwaka 2023.

Mtoto aliyejifunza ba be bi bo bu ana mtaji mkubwa: anajua kwamba herufi ni sauti na sauti huunganishwa. Lakini Kiswahili kina irabu 5 na kila moja ina sauti moja. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44. Kwa hiyo makosa yake yanatabirika. *Make* ataisoma "ma-ke", na *strap* ataiwekea irabu katikati. *Ship* na *sheep*, *bad* na *bed* atazisikia kama neno moja, na akiwa wa Kongo huenda *think* ikawa "sink".

Dakika 10 kila siku zinatosha. Jozi za e ya mwisho: mad/made, kit/kite, hop/hope, cub/cube. Asome, afunike, aandike. Kwa konsonanti zinazofuatana jenga kutoka nyuma: rap, trap, strap. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kushika saa na kuhesabu maneno ya dakika moja, ukurasa uleule siku 4 mfululizo, na kasi itapanda mbele ya macho yake.

Kwa msamiati, zungumzeni naye Kiswahili, kwa kina. Mtoto anayejua mvua inatokeaje, moyo unasukumaje damu na mahakama inafanya nini, akikutana na somo hilo kwa Kiingereza anatafuta neno tu, maana anayo tayari. Mkiacha Kiswahili na kumpa Kiingereza chenu cha kubahatisha, mnampunguzia vyote viwili.

---

mzazi_antioch

Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali moja lililobaki: mtoto amekaa hapa miaka 4, anazungumza Kiingereza vizuri, lakini herufi zinamshinda kabisa, na shule inasema "ni lugha tu, atazoea".

---

mkalimani_bukavu

Huyo omba apimwe kwa ajili ya elimu maalumu, kwa maandishi, si kwa mdomo mlangoni. Sentensi inatosha: "Naomba mwanangu, jina na tarehe ya kuzaliwa, apimwe kama ana ulemavu unaoathiri kusoma." Shule ikikubali, itakuletea fomu ya idhini, na ukisaini siku 60 zinaanza kuhesabiwa. Wakikataa, wakuandikie kwa nini. Hawaruhusiwi kukuambia subiri tumalize kwanza programu ya msaada wa kusoma.

Sheria ya elimu maalumu inakataza kumwita mtoto mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Upande wa pili pia unakatazwa: kuwa mwanafunzi wa Kiingereza hakumnyimi haki ya kupimwa. Apimwe kwa Kiswahili pia pale inapowezekana. Ugumu uleule ukionekana katika lugha zote mbili, kwa mfano hawezi kutenganisha sauti za "mama" wala za *map*, hiyo haielezwi na lugha.

Kwenye kikao dai mkalimani wa shule, asiwe mtoto mwenyewe wala kaka yake. Wapo watakaokwambia mambo yamebadilika tangu amri ya rais ya Machi 2025 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Amri hiyo ilifuta agizo la mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha katika idara za serikali kuu. Haikufuta sheria ya haki za raia ya 1964, wala hukumu ya Mahakama Kuu ya 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols kuhusu wanafunzi wasiojua Kiingereza, wala sheria ya elimu maalumu, ambayo yenyewe inaitaka shule imwezeshe mzazi kuelewa kikao. Usisaini kitu siku hiyohiyo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani uisomewe taratibu. Na ulemavu unaoathiri kusoma, hata ule unaoshukiwa tu, nao uko kwenye orodha ya misamaha ya darasa la tatu, kwa hiyo ombi hilo liingie mapema, kabla ya Krismasi ikiwezekana.