Maksai kinywa kimejaa meno, mnamwandikisha daraja la wachanga? Waandaaji tujibuni

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Niko Nzega, mkoani Tabora, nalima mpunga na mahindi, na maksai wangu nawafundisha mwenyewe kwa ajili ya shamba langu. Siuzi maksai waliofundishwa wala sina kijana wa kulipwa kazi hiyo. Kwa lugha ya michezo, mimi ni wa ridhaa. Leo nina hasira na nitasema yote.

Wanaofuatilia mashindano ya kulima kwa maksai huku kwetu wanajua kuna daraja la wakubwa na daraja la wachanga. Hili la wachanga ni la ng'ombe wasiozidi miaka 3, waliofungwa nira msimu huuhuu. Maana yake anatazamwa mnyama: ametulia au anahangaika? Ukimwita jina anageuka? Anayepita mferejini anabaki mferejini, au anamsukuma mwenzake? Ni daraja la kuona huyu akikomaa atakuwa maksai wa namna gani, na ndiko mkulima wa kawaida anakopata pa kuanzia. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa wakati tunatoa kiingilio.

Sasa jozi iliyobeba zawadi ya kwanza mara ya mwisho ni ya mtu anayefundisha maksai kwa biashara. Biashara yake siigusi, kazi anaiweza. Nazungumzia ng'ombe wake. Nilikuwa nimesimama karibu wakati anafungua nira. Yule mwekundu, shingoni mbele ya nundu, ana sugu ngumu kama kisigino cha mtu anayetembea peku, na manyoya hayaoti tena pale. Sugu ya namna ile haipatikani kwa msimu mmoja. Baadaye wakamshika mdomo wamnyweshe dawa, nikayaona meno ya chini: mapana, yote manane, ya katikati yameshaanza kulika.

Kwa ambao hawajafuga: ng'ombe hana meno ya mbele juu, anayo manane chini. Akiwa ndama ni ya maziwa, madogo. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu, yale mawili ya katikati, hutoka akiwa na miaka 2 hivi, kisha zinafuata jozi nyingine moja baada ya nyingine mpaka kinywa kijae akiwa na miaka 4 au zaidi. Na ng'ombe wetu wa asili huchelewa kuota, hawawahi. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia huyo alikua haraka. Ng'ombe mwenye meno manane yaliyoanza kulika ameshapita miaka 3, basi.

Nikawafuata waandaaji palepale. Jibu nililopewa: "Mzee, fomu imeandikwa miaka mitatu, sisi tunakwenda na fomu." Fomu kaijaza nani? Kaijaza mwenye ng'ombe! Na bwana mifugo alikuwepo, amekaa chini ya turubai na soda yake, hakuna aliyemwomba ainuke. Kumfungua ng'ombe mdomo ni kazi ya dakika moja, hata mimi ningemshikia pembe.

La pili ndilo limenikosesha usingizi. Mara hii wameleta saa. Anayemaliza kipande chake mapema anaongezewa alama, eti watazamaji wanapenda mbio. Jamani, maksai mchanga hafundishwi mbio! Unaanza kwa kumfunga na mkubwa aliyezoea, anavuta gogo tupu, anazoea uzito na sauti yako. Plau inakuja baadaye, tena kwenye ardhi laini, asubuhi kabla ya jua kali. Ukimharakisha anajifunza kwamba nira ni adhabu, na ng'ombe aliyejifunza hivyo kumrudisha ni shida.

Kuna kijana, mtoto wa jirani zetu, alikuja na jozi yake ya kwanza, ng'ombe wachanga kweli. Alipoona wenzake wanamaliza akaanza kuchapa. Yule wa kushoto akapiga magoti, kisha akalala kabisa na nira shingoni, ulimi nje, anahema. Mwenzake naye shingo ikavutwa chini kwa sababu nira ni moja. Watu wanashangilia. Nikaingia uwanjani kuifungua nira, mshereheshaji akanitangaza kwenye spika kwamba navuruga ratiba. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Imesahaulika, au haiwahusu wenye turubai na spika?

Nimesoma sana habari za wenzetu wa farasi. Huku farasi hatunao, mbung'o na ugonjwa wake wa nagana hawampi nafasi, ila utaratibu wao una la kujifunza. Wana mchezo ambao farasi mmoja anapimwa kwa mambo matatu: utulivu na utii wa hatua uwanjani, mbio za porini za kuruka magogo na mitaro, na kuruka vizuizi bila kuviangusha. Le Lion-d'Angers, Ufaransa, kila Oktoba wanakutana farasi wa miaka 6 na wa miaka 7, kila umri na daraja lake. Marekani kuna madaraja ya miaka 4 na miaka 5, na majaji wanatazama pia umbo la farasi na dalili kwamba atafika mbali. Hata huko mpandaji wa ridhaa anapambana na wanaoishi kwa kazi hiyo, wenye farasi wa ukoo wa bei mbaya. Ni mlima. Lakini farasi ana pasipoti yenye tarehe ya kuzaliwa na alama za kumtambua, kwa hiyo umri hauendi kwa maneno ya mwenye mali.

Msiniambie hatuna uwezo huo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu 2010, na hereni za ng'ombe tumeziona. Hata bila hereni, meno yapo.

Najua atakuja mtu hapa aseme, "Kama huwezi ushindani nunua jozi iliyokwisha kufundishwa." Ndugu yangu, nikinunua nitakuwa nashindanisha pochi. Sikatai wafundishaji wa biashara kushiriki, waje, lakini waje na ng'ombe wa umri ulioandikwa, na sisi wa ridhaa tuwe na zawadi yetu ndani ya daraja hilohilo. Na saa itolewe kwa wachanga kabisa, alama zirudi kwenye mfereji ulionyooka na mnyama aliyetulia.

Mashindano mengine yanaandaliwa upande wa Igunga na wameshaanza kukusanya viingilio. Changu sitoi mpaka nihakikishiwe kinywa cha kila ng'ombe kitafunguliwa mbele ya watu kabla ya kufungwa nira. Mlio Igunga, Uyui na Sikonge mlioingiza wachanga, andikeni hapa kama kwenu meno yalikaguliwa na ni nani aliyekagua. Mwenye picha za ile jozi iliyoshinda, hasa za shingo, aziweke.

Nawasilisha.